Haki ya Kuku Anyonyokaye

Miongoni mwa maswali ambayo binadamu huyadhani madogo kwa kuwa yamezuka uani kwake wala hayakuzuka barazani kwa wakubwa, limo swali la mfugaji ambaye kuku wake mpenzi, aliyezoea kumkimbilia kila asubuhi, kudonoa punje kiganjani mwake na kumfuata hatua kwa hatua kutoka jikoni hadi kisimani, amebadilika tabia bila ya sababu inayoonekana: akiitwa haji, akikaribiwa hujiepusha, hushinda peke yake kivulini, ameacha kutaga, na manyoya yake yametapakaa kila pembe ya ua. Mfugaji huuliza, "Ana nini huyu?" na nyuma ya swali lake limesimama swali jingine lenye uzito mkubwa zaidi, ambalo wanavyuoni na wanafalsafa wamelijadili kwa karne nyingi, nalo ni hili: kiumbe aliyeacha kutupa tulichokizoea kwake, na asiye na ulimi wa kutueleza udhuru wake, anatudai nini? Nakusudia kulijibu swali la pili kwa njia ya la kwanza, kwa kuwa naamini kwamba haki ya kiumbe haiwezi kutimizwa na mtu asiyeijua hali yake, na kwamba mapenzi yasiyotanguliwa na maarifa, hata yawe na nia safi kiasi gani, huishia mara nyingi katika dhuluma.

Aghalabu kuku wa namna hiyo hana ugonjwa wowote. Ananyonyoka, yaani mwili wake unayaangusha manyoya yaliyochakaa ili uoteshe mapya, na hilo ni jambo la maumbile ambalo ndege wote wamepangiwa. Kifaranga hutoka yaini amefunikwa na malaika laini ambayo huyaacha katika wiki zake za mwanzo, kisha hubadili manyoya mara kadhaa kabla ya kukomaa. Na baada ya kukomaa, kunyonyoka kwake kukubwa kwa kwanza humjia akikaribia umri wa mwaka mmoja na nusu, kisha hurudia takriban mara moja kwa mwaka. Unyoya uliokwisha kukomaa ni kitu kisicho na uhai: damu haiufikii tena wala hauwezi kujiponya, jua huufifisha, mvua huulegeza, mbao za banda huukata ncha, na kucha za jogoo apandapo huuvunja, kwa hiyo, lau isingalikuwa rehema hii ya kubadilishwa, ndege angalibaki uchi mbele ya baridi ya usiku na mvua ya masika. Na mabadiliko hayo hayaji ovyo. Huanza kichwani na shingoni, hushuka kifuani na mgongoni, kisha hufika mbawani na kumalizia mkiani. Na katika ubawa wenyewe yale manyoya makubwa 10 ya kurukia huanguka kwa zamu, kutoka la ndani kwenda la nje, na kila unyoya mpya huhitaji wiki 6 hivi hadi ukomae.

Mwenye kutaka kujua kwa nini kuku huyo huacha kutaga, na atazame unyoya umeumbwa kwa kitu gani. Zaidi ya sehemu 8 katika kila 10 za unyoya ni protini, ile ile ambayo yai moja la kawaida huchukua gramu 6 hivi, na mwili wa ndege mdogo anayeishi kwa kile alichookota hauwezi kuzilipa gharama mbili kwa wakati mmoja. Basi viungo vya uzazi husinyaa, undu, ule upanga mwekundu wa kichwani, hupungua na kupauka, na nguvu yote huelekezwa kwenye ngozi. Kazi hiyo ikikamilika, viungo vilivyosinyaa huamka upya, na mayai yafuatayo huwa aghalabu makubwa zaidi na yenye maganda magumu kuliko yale ya mwisho kabla ya kunyonyoka. Hali yake ni ya nyumba inayoezuliwa makuti ya zamani na kuezekwa mapya wakati wenyewe wangali wanaishi ndani: apitaye njiani huona uharibifu na vumbi, na mwenyeji hukosa sitara kwa muda, lakini hakuna siku ambayo nyumba ile ilitunzwa kwa bidii zaidi kuliko siku hiyo. Mambo haya yakifahamika, yule aliyedhaniwa mvivu hujulikana kuwa ndiye aliye kazini.

Na kujiepusha kwake na mkono uliomlea kuna sababu iliyo wazi kwa ajuaye. Unyoya mpya huchomoza ngozini ukiwa ndani ya ala nyembamba, mgumu kuugusa lakini hai, umejaa damu inayoulisha mpaka ukomae. Ukibanwa humuuma mwenyewe, na ukivunjika hutoka damu. Mwili mzima ukishajaa machipuko ya namna hiyo, kupapaswa kulikokuwa faraja wiki chache zilizopita huwa maumivu leo, na kupakatwa huwa adhabu. Tena kuku aliyepungukiwa manyoya ya mbawa anajua, kwa ujuzi wowote ule ambao Mola amempa, kwamba hawezi kuruka juu ya ukuta akimwona nguchiro, wala kukimbia kwa wepesi kivuli cha mwewe kinapopita. Basi huchagua vichaka na pembe za giza, hunyamaza pale alipokuwa akitetea, na huwaachia wenziwe nafasi ya mbele penye chakula. Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti, nao walikuwa wakitufundisha kwamba maumivu ya mtu mwingine hayapimwi kwa kipimo cha aliye nje yake. Kuku hakumchukia bwana wake, wala hakusahau hisani aliyofanyiwa. Hali yake imekuwa nyingine, na mkono ule ule uliokuwa mwema unahitaji kujifunza wema wa namna nyingine.

Wakati wa tukio hili nao una elimu yake. Katika nchi za kaskazini, kama Uingereza, ambako mchana wa kiangazi hupita saa 16 na ule wa Desemba hupungua chini ya saa 8, kuku hunyonyoka kwa wingi mchana unapoanza kufupika, kwa sababu mwili wa ndege umewekewa kipimo cha mwanga: miale hupenya fuvu lake na kuugusa ubongo wenyewe, hata huweza kuutambua urefu wa mchana pasi na kutegemea macho peke yake. Kwetu pwani ya Afrika Mashariki, kutoka Lamu hadi Tanga na Unguja, jua halina tofauti kubwa kiasi hicho, maana pale Tanga mchana mrefu kabisa wa mwaka na mfupi kabisa hupishana kwa muda wa kama nusu saa tu. Kwa hiyo kuku wetu wa kienyeji, ambaye hutaga mayai 10 hadi 15, akaatamia siku 21 na kuwalea wanawe, huelekea kunyonyoka zaidi kwa amri ya mwili wake na ya riziki: baada ya kuatamia na kulea, au baada ya ukame na njaa, au baada ya kuhamishwa na kushtushwa. Ndiyo maana katika ua mmoja hapa petu utamwona mmoja yu uchi na mwenzake yu katika fahari yake, na mfugaji asiyejua sababu hudhani kwamba huyu mmoja pekee amepatwa na balaa.

Sikusudii kusema kwamba kila kuku anyonyokaye ni mzima, kwani uvivu wa kutochunguza ukijificha nyuma ya jina la maumbile huwa nao ni dhuluma. Kuku anyonyokaye kwa afya hula, hunywa, macho yake ni maangavu, manyoya hupungua kwa taratibu niliyoitaja, na mtu akiyafunua kwa upole huona vichipukizi vipya vikijaza mahali pa vilivyoanguka. Akiwa na kipara mahali pamoja tu, ngozi imewamba nyekundu na hakuna kinachochipuka, huenda anadonolewa na wenziwe au ameingiwa na utitiri, ambao mfugaji atautafuta chini ya mbawa na karibu na kinyeo, na katika nyufa za banda wakati wa usiku. Akizubaa, akiharisha kijani, akihema kwa taabu au akipinda shingo, hiyo haina uhusiano na manyoya; ni dalili za kideri, maradhi ambayo humaliza kuku wa kijiji kizima, na ambayo kinga yake ni chanjo iliyotolewa kabla hayajaingia. Akijinyonyoa kifua na kukataa kutoka kiotani, akivimba na kufoka akikaribiwa, huyo anaatamia, na kifua chake amekivua kwa hiari ili joto la ngozi liyafikie mayai. Na yule aitwaye kishingo, ambaye shingo yake haina manyoya tangu kuzaliwa, hana alilopoteza, bali ndivyo alivyoumbwa. Hali tano hizi, kwa mtazamaji mwenye haraka, ni kitu kimoja: kuku asiye na manyoya. Kwa mwenye taamuli ni mambo matano, na kila moja linataka jawabu lake.

Hapa ndipo swali la uani linapoingia katika swali la hekima, kwani elimu ya mambo haya inatufundisha jinsi dhahiri inavyoweza kuisaliti batini. Wafugaji wenye uzoefu wanajua kwamba kuku mtagaji hodari ndiye huchelewa kuanza kunyonyoka, na akianza huangusha manyoya mengi kwa mkupuo, akamaliza katika miezi 2 au 3. Na kuku mtagaji hafifu huanza mapema, huangusha machache machache, na huweza kuendelea hata miezi 6 bila ya kupoteza sana uzuri wake. Basi aliye uchi kabisa, wa kuchekwa na watoto, yamkini ndiye bora wa kundi, na aliyehifadhi umbo lake ndiye aliyetoa kidogo. Mfugaji ahukumuye kwa macho humchinja yule na kumweka huyu, akapata hasara ya mali. Lakini hasara ya mali ni ndogo mbele ya hasara ya insafu, maana amemwadhibu kiumbe kwa alama zile zile zilizoshuhudia utumishi wake.

Juu ya batini ya wanyama binadamu wamepotea katika njia mbili zinazopingana. Wako waliosema kwamba mnyama hana batini kabisa. Mfaransa Descartes, katika kitabu chake cha mwaka 1637, aliwafananisha wanyama na mitambo inayokwenda kwa mpango wa viungo vyake, na fikira hiyo ikawafungulia wengi mlango wa kutojali, kwa kuwa mtambo haudhulumiwi. Wako na wengine, nao ni majirani zetu wa kila siku, ambao humpa mnyama batini iliyo nakala ya yao: kuku akijitenga husema amenuna, akiukataa mkono husema ni mkaidi na hana fadhila, akiacha kutaga husema amepigwa jicho la hasidi, na badala ya kumtafutia chakula cha kumjenga wakamtafutia wa kuwafukuzia kijicho. Makundi haya mawili hayafanani kwa lolote ila kwa jambo moja, nalo ni kwamba yote mawili hayakumtazama kuku. Kundi la kwanza lilitosheka na nadharia yake, na la pili likajitazama lenyewe. Njia ya haki iko kati yao: kukiri kwamba ndani ya kiumbe huyu mna maisha yake mwenyewe, yenye raha na taabu, na kukiri vilevile kwamba maisha hayo hayakuumbwa kwa mfano wa yetu, hata tukapate kuyasoma bila ya kujifunza.

Dini iliyoenea katika pwani hii iliweka msingi wa jambo hilo zamani. Katika Surat al-An'am, aya ya 38, Kurani inaeleza kwamba wanyama watembeao juu ya ardhi na ndege warukao kwa mbawa zao ni umma mbalimbali mfano wa sisi. Na aliye umma ana kanuni zake na haja zake, na anasimama mbele ya Muumba wake pasi na sisi kuwa katikati. Ndugu wa Usafi, wale wanafalsafa wa Basra wa karne ya 10, waliandika katika mojawapo ya risala zao kisa kirefu cha wanyama waliomshitaki binadamu mbele ya mfalme wa majini, wakikanusha kwamba wao ni watumwa wake kwa haki. Binadamu walileta hoja za umbo lao zuri, akili zao, sanaa zao na wingi wa vyakula vyao, na kila hoja ilivunjwa na wanyama kwa ushahidi. Hoja iliyosimama mwishoni ni moja tu: kwamba binadamu ana maisha baada ya kufa kwake, na atafufuliwa aulizwe kwa aliyoyatenda. Mwenye kukitafakari kisa hicho ataona kwamba ushindi huo ni mzigo mzito kuliko kushindwa, maana ikiwa ubora wetu juu ya kuku umetokana na kuhesabiwa, basi kila saa tunayokaa juu yake kama mabwana tunaikaa tukiwa wadaiwa.

Deni lenyewe ni lipi? Hapa wanazuoni wa fikihi hawakuacha mambo katika maneno ya jumla. Izzuddin bin Abdussalam, faqihi mkubwa wa madhehebu ya Shafi aliyezaliwa Damascus na kufariki Cairo mwaka 1262, alizitaja haki za wanyama juu ya mwanadamu moja baada ya moja, na ya kwanza katika hizo ni kwamba mwenye mnyama amtolee matumizi yanayomstahili, hata kama mnyama huyo amezeeka au ameugua kiasi cha kutokuwa na manufaa tena. Nataka msomaji asimame kidogo hapo. Faqihi huyu hakusema alishwe maadamu anazalisha, wala hakuipima haki kwa faida. Aliitenga haki na faida kwa makusudi, akachagua mfano wa kiumbe ambaye faida yake imekwisha kabisa, ili pasiwe na shaka kwamba chakula cha mnyama ni haki yake na wala si ujira wake. Ikiwa aliyekwisha kuwa bure anastahili, itakuwaje yule ambaye amepumzika miezi michache kisha atarejea?

Haki nyingine alizozitaja zinafuata mkondo huo huo: asitwishwe asichokiweza, mahali pake pa kulala pafanywe pema, na asichanganywe na wanaomdhuru, wawe wa jinsi yake au wa jinsi nyingine. Hii ya mwisho inathibitishwa na ujuzi wa karne yetu iliyopita, kwani Mnorwe Thorleif Schjelderup-Ebbe, ambaye alianza kuwachungulia kuku tangu utotoni mwake, alieleza mwaka 1922 jinsi kila kundi la kuku lilivyo na daraja zake, kutoka yule adonoaye wote bila ya kudonolewa hadi yule adonolewaye na wote. Kuku anyonyokaye ni dhaifu kwa wakati huo, na machipuko yake yenye damu huwavuta wenziwe wamdonoe zaidi. Na mara nyingi aliyekuwa juu ya daraja hujikuta chini. Mfugaji akimtengea sehemu yake, ambako atawaona wenziwe na kusikia sauti zao bila ya kufikiwa na midomo yao, ameitimiza haki ambayo iliandikwa zaidi ya miaka 650 kabla ya wataalamu kuijua sababu yake.

Na ama chakula chake, hakina ughali wa kumshinda maskini. Pumba na chenga za mchele peke yake hazimtoshi kuku wa hali hii, kwa sababu zina kidogo tu cha kile ambacho unyoya umeumbwa nacho. Lakini vumbi la dagaa linalobaki chini ya gunia, vichwa vya samaki vilivyokaushwa na kutwangwa, mchwa waliochimbuliwa, kumbikumbi wa majira ya mvua, mabaki ya kunde na choroko zilizopikwa, yote haya yanapatikana katika nyumba nyingi za pwani na bara. Ongeza maji safi, mahali pa mchanga mkavu pa kujigaragaza, kivuli mchana na sitara ya upepo usiku, na uondoe mkono wako mpaka wakati wake urudi. Kuacha kumshika ni zawadi, tena kwa mwenye kumpenda ni zawadi ngumu kuliko kumlisha, kwa sababu kumlisha hutufurahisha sisi pia, na kumwacha kunamfaa yeye peke yake.

Uzito wa jambo hili huonekana zaidi likitazamwa kinyume chake. Katika mabanda makubwa ya mayai huko Marekani, katika sehemu ya mwisho ya karne ya 20, ilikuwa desturi iliyoenea kuwanyonyoa kuku kwa kuwalazimisha: taa hupunguzwa na chakula huondolewa kabisa kwa siku kadhaa, wakati mwingine hata wiki moja na zaidi, mpaka kuku apoteze robo ya uzani wake au kupita hapo, ili kundi zima liache kutaga kwa pamoja na kurejea kwa pamoja, na mwenyewe apate mwaka mwingine wa mayai. Wachunguzi wa mifugo walikuta kwamba kuku waliotiwa njaa hivyo hushikwa kwa urahisi na viini vya salmonela na kuvitoa kwa wingi, na hatimaye chama cha wazalishaji wa mayai cha nchi hiyo, United Egg Producers, kiliiondoa njia ya kunyima chakula katika kanuni zake kuanzia mwaka 2006. Zingatia kwamba manyoya yaliyoanguka katika mabanda yale ni manyoya yale yale, na mayai yaliyorudi ni mayai yale yale. Tofauti imo katika jambo moja: kwamba muda ambao maumbile yalimtengea kiumbe kwa ajili ya nafsi yake ulinyang'anywa na kugeuzwa kuwa chombo cha kumtumikisha tena. Mfugaji wa uani ambaye humwacha kuku wake ajitafutie kwa kuwa hatagi hajafanya jambo kubwa kama hilo, lakini amekubali msingi wake, nao ni kwamba chakula hufuata yai.

Najua nitaulizwa: je, kuku si halali kuchinjwa, na mwenye kuruhusiwa kuutoa uhai wake atazuiwaje kumpunguzia pumba? Hoja hii ina nguvu na inastahili kujibiwa. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ameandika katika Minhaj, kitabu ambacho vizazi vya wanafunzi wa pwani yetu wamekisoma mbele ya masheikh wao, kwamba mwenye mnyama wa kuliwa akikataa kumlisha hulazimishwa kuchagua moja katika matatu: amwuze, amlishe, au amchinje. Njia ya nne, ambayo ni kumwacha abaki na kuteseka, haimo. Basi ruhusa ya kuchinja si kibali cha kutesa, na uhai wa mnyama mradi ungali mikononi mwako ni amana kamili isiyogawanyika. Mtume amesimulia habari za mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka, na kosa la mwanamke huyo halikuwa kumpiga wala kumwua kwa silaha: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha aende kujitafutia. Alihukumiwa kwa kutotenda. Na kutotenda ndiyo hatari ya mfugaji wa kuku anyonyokaye, ambaye hana nia mbaya yoyote, ila ameacha kutupa jicho upande ule ambao haumpi kitu.

Nitaulizwa pia kama si israfu ya huruma kuandika mengi kuhusu kuku, na watu wangali na njaa. Naona kinyume chake, kwa kuwa tabia ya moyo ni moja na haigawanyiki kwa kadiri ya ukubwa wa mtu au mnyama aliye mbele yake. Kijana anayebalehe, ambaye jana alikuwa akimsimulia mama yake kila jambo na leo amejifungia chumbani. Mzazi aliye katika siku zake 40, ambaye uso wake umebadilika na hapendi maneno mengi. Fundi aliyekuwa mashuhuri ambaye mikono imeanza kutetemeka. Mzee ambaye hana tena cha kuwapa wanawe ila kuwauliza swali lile lile mara nyingi: hawa wote husomwa vibaya kwa njia zile zile mbili, ama na waonao kwamba ndani yao hamna kitu kinachoendelea, ama na waonao kwamba kila kinachoendelea ndani yao kimeelekezwa dhidi yetu. Kwa Wakristo, Zaburi ya 103 humshukuru Mungu anayeufanya upya ujana wa mtu mfano wa tai, nayo ni shukrani nzuri. Lakini mwenye kuisoma akumbuke kwamba tai pia huangusha manyoya kabla ya kupata mapya, na kwamba anayetamani kuona upya wa mwenziwe bila ya kuvumilia uchakavu unaoutangulia anataka tunda la mti ambao hakubali upukutike. Wahenga waliufupisha wajibu huo waliposema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Kwa hiyo jawabu langu kwa mfugaji ni hili. Kuku wako anadai kwanza kujulikana: umchunguze, umtofautishe mgonjwa na mzima, ujue sababu kabla ya kutoa hukumu, na usiifanye nafsi yako kuwa kisa cha mabadiliko yake. Anadai pili kupewa zaidi wakati ambapo anatoa kidogo, kwa sababu haja yake imezidi ingawa manufaa yake yamepungua, na haki hufuata haja. Na ikiwa ni kweli, kama walivyosema wale wa Basra, kwamba tumepewa cheo juu ya ndege kwa sababu tu tutaulizwa, sidhani kwamba swali litaanzia katika miezi ambayo kuku alitaga. Kumlisha anayekupa yai ni biashara njema, nayo imelipwa hapa hapa duniani. Litaanzia katika miezi ile ambayo hakukupa kitu, alipokuwa uchi, mkimya, mwenye kukuepuka, na wewe peke yako ndiye uliyekuwa na uwezo wa kujua kwamba hakukosa.